Bahari Iliyokosewa Saa

Katika miaka ile niliishi kati ya bahari mbili. Moja ilikuwa chini ya dirisha la ofisi yetu, bandarini Malindi, hapa Unguja, yenye mafuta ya meli juu yake na maganda ya nazi yaliyokwenda na kurudi bila kufika popote. Ya pili ilikuwa kwenye karatasi. Hiyo ilikatwa miraba kama sakafu ya marumaru, na kila mraba ulikuwa na namba zake: kina cha maji, mwendo wake na upande yanakoelekea. Bahari ya kwanza ilinuka. Ya pili haikuwa na harufu yoyote, nami kwa muda mrefu niliihesabu hiyo kuwa sifa yake.

Mwaka 1964 nilikuwa msichana wa skuli. Ninachokumbuka zaidi ya yote si kelele za Januari ile, bali ukimya wa miezi iliyofuata: nyumba za mtaani kwetu zilizofungwa moja baada ya nyingine, viti vikabaki barazani, na baba akitufundisha, bila kutuambia kwamba anatufundisha, kutouliza fulani kaenda wapi. Tulizoea. Mtoto huzoea jambo lolote, mradi wakubwa walifanye kwa utaratibu. Baadaye nilipata ruhusa ya kwenda kusoma bara, nikasoma hisabati chuoni, na mwanzoni mwa miaka ya sabini nikarudi. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa ameolewa shamba, kwenye kijiji kimoja cha upande wa Fumba, kusini mwa mji, alinipokea kwa kicheko.

“Watu wanatafuta mlango wa kutokea,” alisema, “wewe umezunguka nyumba nzima ukitafuta wa kuingilia.”

Ukweli ni kwamba nilirudi kwa sababu ya ile bahari ya karatasi.

Chuoni kulikuwa na mtaalamu mmoja mgeni, mpole, mwenye kusahau kula, ambaye alikuwa amejenga hesabu ya mlango wa bahari ulio kati ya Unguja na bara. Hesabu hiyo ilikuwa ndefu kupita uwezo wa kichwa cha mtu, hivyo aliipeleka kwenye kompyuta mjini Dar es Salaam, mashine ya ukubwa wa chumba iliyofanya kazi za mishahara mchana kutwa, akaazimwa pale inapopumzika. Alitupatia kanuni ambayo naikumbuka neno kwa neno. Hesabu pekee, alisema, hupotea. Ukiiacha iende bila kuitazama, baada ya siku chache inakuchorea bahari isiyokuwako. Jicho nalo halitoshi, kwa sababu huona mahali pamoja tu, na usiku hulala. Basi kila mara isimamishe hesabu, iulize inasemaje, lete alichokiona mtu aliyesimama pwani, kisha mpe kila mmoja uzito anaostahili kabla ya kuendelea. Kazi yangu ilikuwa kuleta macho hayo. Tulisimamisha nguzo zenye alama za futi sehemu kadhaa za Unguja, ili watu wa huko wasome maji yanavyojaa na kupwa. Bandarini kulikuwa na kipimo cha zamani chenye saa yake, tangu enzi za wakoloni. Kwenye kijiji cha dada yangu msomaji wa nguzo alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mzima mwenye mwandiko mzuri ajabu, ambaye baada ya kuwasikiliza watoto alishuka ufukoni na kuandika kimo cha maji.

Maandishi hayo yalikwenda bara kwa meli; kule yakatobolewa matundu kwenye kadi, kadi zikalishwa mashine, na baada ya wiki kadhaa zikarudi karatasi ndefu zilizokunjwa kama kitambaa dukani, zenye hesabu ya maji hata ya wiki zinazokuja. Nilizitandaza mezani na kupitisha kidole kutoka mraba hadi mraba. Nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Mtu mmoja alikuja asubuhi moja ya msimu wa kusi, upepo ukitoka kusini, baada ya chai. Alipiga hodi, akavua viatu mlangoni kama anayeingia nyumba ya watu, akasimama juu ya saruji kwa soksi zake safi. Alitoka ofisi ambayo hakunitajia jina, nami nilikuwa nimelelewa vizuri, sikuuliza.

“Nnasikia hapa mna mashine inayojua maji yanakotoka na yanakokwenda.”

“Mashine iko bara, ndugu. Hapa tuna karatasi zake tu.”

“Karatasi zinatosha. Mimi maisha yangu yote ni karatasi.” Akacheka kidogo, akaketi. Kisha akanieleza. Alfajiri ya siku ile ngalawa imeokotwa Kendwa, ncha ya kaskazini ya kisiwa, imekwama kwenye mwamba, tupu. Tanga halimo. Ndani mna kikapu cha ukindu, na kikapuni mna muhogo wa kuchemsha.

“Haujachacha,” alisema. “Nimeuonja mwenyewe. Mtamu. Kaupika mtu anayejua kuchemsha muhogo.”

Nilimtazama mdomo. Sijui kwa nini nilitazama mdomo.

“Chombo hiki hakikushuka mbinguni, Bi. Kimetoka pwani fulani, na pwani hiyo ina watu wanaojua nani kaondoka bila ruhusa na nani kamsaidia. Kila mtu nikimuuliza ananiambia hajui. Bahari haiwezi kuniambia haijui, au siyo? Nipe pwani. Moja tu.”

Hapa lazima niseme wazi jambo ambalo mwandishi mwingine angeliacha. Sikuogopa mara moja. Lililonijia kwanza lilikuwa utamu wa swali lenyewe. Kwa miezi nilikuwa nimeitazama bahari ikienda mbele. Huyu ananiomba niirudishe nyuma, saa baada ya saa, kutoka mwambani Kendwa hadi mahali ambapo chombo kiliguswa na mkono wa mwisho. Nilimwambia arudi kesho. Hakuwa ameshamaliza kuvaa viatu vyake nami nilikuwa nimeshakunjua karatasi.

Nilianza na mraba wa Kendwa na kurudi kinyume. Maji yaliyokuwa yakisukuma kaskazini niliyafuata kusini. Yalipogeuka, niligeuka nayo. Muhogo ulikuwa ushahidi wangu wa muda: usiku mmoja majini, na mchana mmoja, haiwezi kuwa zaidi. Kufika adhuhuri kidole changu kilikuwa kimetua kwenye pwani moja kaskazini mwa mji, kijiji ambacho nilikijua kwa jina tu. Nilikipigia mviringo kwa penseli. Nakumbuka nilijisifu jinsi mviringo ulivyokuwa mdogo.

Alasiri dada yangu aliingia, na vumbi la gari la shamba kwenye buibui lake.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba.” Akatazama meza. “Ndizo hizi bahari zako? Mbona hazina hata samaki.”

Nilicheka peke yangu. Alisogeza kiti hadi magoti yetu yakagusana, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: “Shemeji yako kavuka.”

“Kavuka wapi?”

“Kwani pana kuvuka kungapi? Mamake kafa, kule bara, Mrima. Habari imekuja, mtu keshazikwa. Ruhusa hakuiomba, kuiomba kaiogopa kuliko bahari yenyewe. Kanambia, nisipokwenda hata kusimama penye kaburi lake, mimi mtoto wa nani? Jana, jua lilipochomoza tu, kasukuma ngalawa. Jirani nimewambia kaenda shamba kwetu kuangalia karafuu.” Alikunja ncha ya karatasi yangu, akaikunjua, akaikunja tena. “Nnataka unambie maji ya jana yalikuwaje. Wewe si ndiyo kazi yako. Keshafika?”

“Dada. Alichukua chakula gani?”

“Kwa nini?”

“Nambie.”

“Nilimchemshia muhogo.”

Nilimweleza. Sikujua namna nyingine ya kusema jambo kama lile isipokuwa kulisema: ngalawa imeokotwa Kendwa, ni tupu, watu wa ofisi wanayo. Hakulia. Alitazama dirishani, kule ambako vibarua wa bandari walikuwa wakivutana na kutaniana juu ya magunia ya sukari.

“Kikapu kilikuwamo?”

“Kilikuwamo.”

“Na muhogo?”

“Na muhogo.”

“Hakula, basi,” alisema dada yangu. “Tangu asubuhi hakula.”

Akili yangu, ambayo sikuiomba ifanye kazi, iliendelea kufanya. Ngalawa ilitoka Fumba. Karatasi inasema ilitoka kaskazini mwa mji. Mmoja kati yao amekosea, na dada yangu hakuwa na sababu ya kukosea. Nikaivuta karatasi ya siku za nyuma, siku moja ya bamvua, maji yanapopwa kuliko kawaida, nilipokuwa nyumbani kwake tukashuka pamoja kuokota chaza. Nilikumbuka jua lililokuwa mgongoni, saa tatu asubuhi, kanga zetu tumezifunga magotini, na mwamba ulivyokuwa mkavu hadi mbali, maji yameikimbia pwani yote. Nikatafuta mraba wa pwani ile, saa ile. Karatasi ilisema maji yamejaa. Kwa mujibu wa karatasi, mimi na dada tulikuwa tumesimama chini ya maji, vichwa vyetu na vikapu vyetu.

Nikayatafuta maandishi ya mwalimu wa chuo, na hapo nikaona. Mwalimu aliandika saa kama wazee wake walivyoihesabu: saa tatu, jua limepanda, watoto wameshatoka chuoni. Saa ya bandarini ilihesabu Kizungu, kutoka usiku wa manane. Kule bara tatu yake ilitobolewa tatu, ikawa kabla ya jogoo. Hapa Malindi tulidhani watobozi wa kadi, Waswahili wenzetu, watabadilisha. Wao wakadhani tumeshabadilisha. Na mtaalamu mgeni hakujua kwamba kuna cha kubadilisha. Tofauti ya saa sita. Kosa hilo lingekuwa dogo kwa mambo mengi ya duniani, lakini maji yetu hujaa kwa muda wa saa sita na kupwa kwa muda kama huo. Kwa kuteleza kule tu, kupwa kukawa kujaa. Mashine, kwa utiifu wake, ilipokea jicho la bandarini na jicho la shamba, ikalipa kila moja uzito wake, ikatengeneza bahari inayojaa upande mmoja huku ikipwa upande wa pili. Bahari ya namna hiyo haiko duniani. Mimi nilikuwa nimeipitishia kidole kwa miezi, na kuiona nzuri.

“Unatafuta nini?” aliuliza dada.

“Karatasi imekosea. Inasema chombo kimetoka kaskazini mwa mji.”

“Si kwetu?”

“Si kwenu.”

Alielewa haraka kuliko nilivyotaka. “Basi iache,” alisema. “Mbona unahangaika nayo? Iache kama ilivyo.”

“Kule nako kuna watu, dada. Watu wa ofisi watawachukua wanaume wote. Kuna wake za watu.”

“Mimi siwajui.”

“Najua huwajui.”

“Ulisoma ili uje uniue mimi?” Sauti haikupanda, ndiyo maana neno lile halijanitoka hadi leo. Kisha akasimama, akajitengeneza buibui, akafika mlangoni na kugeuka. “Wa kule usiwape,” alisema. “Sitaki kula chakula cha namna hiyo. Lakini na mimi usiwape.”

Alipoondoka niliufuta ule mviringo, na alama ya penseli ikabaki kama shimo dogo kwenye karatasi.

Kesho yake yule mtu alikuja, akavua viatu. Nilimwambia ukweli, yaani sehemu ya ukweli iliyohusu saa. Nilimwonyesha maandishi ya kipimo cha bandari na ya nguzo za shamba, nikamwambia karatasi zote hazifai. Nilidhani atakasirika. Alicheka hadi akatoa leso.

“Saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu! Mashine nzima ya bara imeangushwa na saa tatu!” Akapangusa macho. “Sasa rekebisheni saa, Bi, zipelekeni upya.”

“Itachukua muda. Kadi lazima zitobolewe tena.”

“Nitangoja. Watu wanaokimbia ndio wasiokuwa na muda. Mimi ninao.”

Na kweli alingoja. Wakati huo wote sikumwona, ila mara mbili nilipokuwa nikipita Darajani kwenda Ng'ambo nilimsikia mtu nyuma yangu akisema “Habari za maji, Bi?” kwa adabu kamili, na nilipogeuka alikuwa ananunua machungwa. Dada hakuja mjini. Kijijini aliendelea kusema mumewe yuko kwenye karafuu, na kila siku aliyosema hivyo ilikuwa siku nyingine ambayo hakuweza kulia. Mke ambaye mumewe amekufa hukaa eda. Huvaa nguo zake za eda, hatoki, na watu hujua. Yeye hakujua kama amefiwa, na hata angejua asingeweza kukaa, kwa maana eda yake ingekuwa jibu la swali la yule bwana. Kijiji kizima kingefichuliwa na mwanamke mmoja aliyeketi kimya.

Karatasi mpya zilifika. Safari hii bahari ilijaa na kupwa kama inavyojaa na kupwa. Nilirudia safari ile ya kinyume, na pale karatasi ya kwanza ilipogeuka kuingia kaskazini mwa mji, hii ilipita, ikashuka, na mraba wa kijiji cha dada ukawa umo. Haukuwa peke yake. Ngalawa tupu husukumwa na upepo zaidi ya maji, na hatukuwa na kipimo cha upepo katikati ya mlango. Hatukujua tanga liling'oka saa ngapi, wala ni masafa gani mtu alikuwamo akipiga kasia dhidi ya mkondo. Kila nilipogeuza moja ya mambo hayo kidogo, kidole kilitua kwingine. Nikapaka risasi ya penseli juu ya miraba yote inayowezekana, na ikawa pwani yote ya magharibi, kutoka mji hadi ncha ya kusini. Sikuongeza mraba wala sikupunguza. Kulikuwa na ushahidi mmoja tu ambao ungeweza kuikata pwani ile hadi nukta, nao ulikuwa umeketi ofisini kwangu magoti yakigusana na yangu, huo sikuuandika. Kwa kanuni ya yule mtaalamu wa chuoni, mwenye kuona jambo na asilitie kwenye hesabu ameiba. Sijutii wizi ule.

Yule mtu aliitazama ramani kwa muda mrefu.

“Pwani yote?”

“Ndivyo hesabu inavyosema. Haiwezi kusema zaidi.”

“Watu wengi hunambia hawajui,” alisema taratibu. “Wewe wa kwanza kunipa kutojua kwenye ramani, kumepakwa rangi vizuri.” Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni bila kuniomba. “Inatosha, Bi. Pwani yote ni jibu.”

Nilikuwa nimeamini kwamba shaka ni kivuli, kwamba mtu akisema kwa uaminifu “hapa au pale au kule” hakuna atakayeguswa. Sikuwa nimefikiri kwamba kuna watu ambao, ukiwaambia mwizi yumo katika nyumba moja kati ya zote, huona jambo rahisi kabisa la kufanya.

Amri ilitoka wiki ile ile. Kila chombo cha pwani ya magharibi kipandishwe juu ya mchanga na kichomwe namba kwa chuma cha moto. Hakuna kushuka majini ila kwa zamu na mbele ya askari. Na kila jioni, baada ya sala ya alasiri, wanaume wote wa kila kijiji wajipange ufukoni waitwe majina. Nilipopata nafasi nilikwenda kwa dada. Nilifika wakati wa kuitwa.

Ngalawa zilikuwa zimelazwa safu moja, namba zao nyeusi ubavuni, na harufu ya mti ulioungua ilikuwa bado hewani. Niliitafuta nafasi iliyo wazi, mahali ambapo chombo cha shemeji kingelazwa. Haikuwapo. Pale palikuwa na gamba la ngalawa ya zamani, limeoza, lina tundu ambalo mtoto angepita, nalo limechomwa namba kama nyingine. Jirani walikuwa wamelifukua kwenye mikoko na kulikokota hadi hapo kabla ya wachoma namba kufika.

“Hiyo nayo huelea?” askari mmoja alikuwa ameuliza, kwa maelezo ya dada.

“Ikitiwa maji inaelea, mkubwa,” mzee mmoja akamjibu. “Sasa ina kiu tu.” Watu wakacheka, askari akacheka pamoja nao, chuma kikashuka.

Mimi na dada tulisimama nyuma ya ua wa makuti pamoja na wanawake wengine. Mwita majina alisoma kwa sauti ya kuchoka, na kila jina lilijibiwa “Naam.” Lilipofika jina la shemeji yangu, nilishika mkono wa dada. “Naam,” ilijibu sauti kutoka safu ya nyuma. Haikuwa yake, bila shaka. Ilikuwa sauti nene ya mwalimu wa chuo, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo hata kwa mzaha.

“Kila siku anaitika mwengine,” dada alininong'oneza. “Jana kaitika mtoto wa jirani, sauti inavunjika. Nikaona haya, nikacheka.” Hakuwa anacheka. “Unajua kusikia mtu anaitika naam kwa jina la mumeo? Kila jioni moyo wangu unageuka kutazama. Nnajua si yeye, na unageuka.”

Majina yalipokwisha, mwita majina hakufunga daftari lake kama kawaida. Aliwaangalia wanaume, safu kwa safu, akasema kwamba kuanzia wiki ijayo atakuja mpiga picha, na kila mtu ataitwa kwa sura, si kwa sauti.

Kisha gari lao likapotea nyuma ya minazi.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka, na sikushirikishwa. Niliyaona yakitendeka kama mtu anavyoona maji yakipanda. Siku mbili baadaye ilitangazwa msikitini kwamba shemeji yangu amerudi kutoka karafuu na homa kali, na kwamba amefariki kabla ya jua kupanda. Kwa kuwa maiti haicheleweshwi, alizikwa asubuhi ile ile. Kaburi lilichimbwa kwa kimo chake. Kilichoteremshwa kilikuwa mkeka uliokunjwa. Mwalimu wa chuo alikataa kuswalia mkeka. Alisema ulimi wake umeshabeba uongo wa kutosha, wa leo Mungu hatausamehe. Badala yake alisimama akaswali sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwapo, na katika nia yake, alinieleza baadaye, hakutaja mtu. Alimwombea yeyote wetu aliye baharini.

Yule mtu wa ofisi alikuja matangani. Aliketi barazani na wanaume, akanywa kahawa, akainua mikono kuomba dua pamoja nao. Alipokuwa akiondoka alinikuta uani.

“Pole sana, Bi. Sikujua kuwa una ndugu upande huu.”

“Ahsante.”

“Alikuwa mvuvi?”

“Mkulima,” nilisema. “Alikuwa mkulima zaidi.”

“Mkulima.” Alilitamka neno lile kana kwamba analitafutia mahali pa kuliweka. “Basi Mungu amrehemu mkulima.” Akaniaga kwa adabu, akaenda.

Dada alikaa eda. Hatimaye aliweza kulia, na alilia kwa siku nyingi, mlango umefungwa, wanawake wa kijiji wakipokezana kumpikia. Nilikuwa nikimtembelea kila Ijumaa. Nilidhani ataniuliza kama kweli mumewe alikufa, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba hesabu yangu ilifuata chombo, si mtu. Kwamba mtu huogelea, huokotwa na jahazi, hufika au hafiki, na hakuna mraba unaojua. Hakuuliza hilo.

Siku moja, karibu na mwisho wa eda yake, aliketi kitandani amejifunika hadi kidevuni, uso umekonda, akanambia nifunge dirisha.

“Nambie kitu kimoja,” alisema. “Mkondo ule unaweza kumrudisha mtu?”

Sikumfahamu mara moja. Kisha nikaelewa anachokiogopa. Kijiji kizima kimemzika; mwalimu wa chuo ameitika kwa jina lake na kuswali penye kaburi lake; yule mtu amenywa kahawa ya matanga yake. Shemeji yangu alikwenda kusimama penye kaburi la mamake, na mtu wa namna hiyo, akiwa hai, hurudi kwa mkewe. Siku atakapokanyaga mchanga ule, wote watakuwa wamekamatika kwa mguu wake mmoja.

“Hauwezi,” nilimwambia. “Mkondo wetu unakwenda kaskazini. Ukishapita na mtu haumrudishi.”

Akafumba macho, na nikaona pumzi ikimtoka. Nilimwambia kweli. Kwa miezi yote ya kusi, ile ilikuwa kweli ambayo ningeitetea mbele ya mtaalamu yeyote, kwa karatasi na kwa nguzo. Lakini nilipotoka nje makuti ya paa yalikuwa yamelala upande mwingine, na vumbi la njia lilikuwa linakwenda kusini. Kaskazi ilikuwa imeshaanza kuvuma.